Sheria iliyonunuliwa Ohio: Spika, kampuni ya umeme na dola milioni 60

Asubuhi ya Julai 21, 2020, maofisa wa FBI walifika shambani kwa Larry Householder katika kaunti ya Perry, kusini-mashariki mwa Ohio, wakamtia mbaroni. Householder alikuwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la jimbo hilo, na pale Columbus, mji mkuu wa jimbo, ni wachache mno waliokuwa na nguvu kama zake. Siku hiyo walikamatwa na wengine wanne: mshauri wake wa kisiasa Jeff Longstreth, washawishi wa kulipwa Neil Clark na Juan Cespedes, na Matt Borges, aliyewahi kuwa mwenyekiti wa chama cha Republican katika jimbo. Mwendesha mashtaka wa serikali kuu, David DeVillers, aliwaambia waandishi wa habari kwamba huenda hiyo ndiyo njama kubwa zaidi ya hongo na utakatishaji fedha kuwahi kufanywa dhidi ya wananchi wa Ohio. Fedha zilizotajwa zilikaribia dola milioni 60. Kilichonunuliwa kwa fedha hizo ni sheria, Muswada namba 6 wa Baraza la Wawakilishi, ambao hadi leo watu wa Ohio wanauita HB6.

Kinachonifanya nikiandike kisa hiki kwa kirefu ni hiki: ukikichukua kipande kwa kipande, sehemu kubwa ya kilichofanyika inaruhusiwa na sheria za Marekani. Kampuni kuchangia shirika lisilotaja wafadhili wake, inaruhusiwa. Shirika hilo kulipia matangazo ya wagombea, inaruhusiwa. Mwanasiasa kula chakula cha jioni na wakurugenzi wa kampuni inayotaka jambo bungeni, inaruhusiwa. Ilibidi FBI warekodi mazungumzo kwa siri, wachimbue ujumbe wa simu na wafuate hundi moja moja ndipo vipande hivyo vikaonekana kuwa kitu kimoja. Na hata baada ya wahusika kufungwa, kipande kikubwa cha sheria waliyoipitisha kiliendelea kuwatoza watu fedha kila mwezi kwa miaka mingine.

Tuanze na kampuni. FirstEnergy ina makao yake Akron na inahudumia wateja zaidi ya milioni 6 katika majimbo kadhaa. Ni kampuni hiyohiyo ambayo nyaya zake zilizogusa miti Agosti 2003 zilianzisha giza lililowakumba watu wapatao milioni 50 wa Marekani na Canada. Kampuni yake tanzu, FirstEnergy Solutions, ilikuwa na mitambo miwili ya nyuklia katika Ohio: Davis-Besse na Perry, yote kando ya Ziwa Erie. Kuanzia mwanzoni mwa muongo wa 2010, gesi asilia kutoka miamba ya Pennsylvania na Ohio ilishusha bei ya umeme, na mitambo hiyo ikawa haiuzi kwa faida. Kampuni ilihangaika kutafuta nusura Columbus na Washington. Mwaka 2017 miswada ya kuisaidia ilifikishwa kwenye bunge la jimbo na ikafia njiani. Machi 31, 2018, FirstEnergy Solutions iliomba kinga ya muflisi, baada ya kutangaza kwamba mitambo yote miwili itafungwa.

Si haki kudai kwamba kila aliyeunga mkono ruzuku alikuwa amehongwa. Kule Oak Harbor, mji mdogo ulio jirani na Davis-Besse, shule zilitegemea kodi ya mtambo huo, na mamia ya familia zilikula kutokana na mishahara yake. Vyama vya wafanyakazi viliipigania ruzuku kwa moyo mweupe. Wapo pia waliosema kwamba nyuklia haitoi hewa ya ukaa na kwa hiyo inafaa kulindwa, na hoja hiyo ina uzito wake. Hongo ilipata nguvu hapohapo: ilijificha nyuma ya watu wenye shida za kweli, na kila aliyeuliza fedha zinatoka wapi alijibiwa kwa kuonyeshwa mfanyakazi anayekaribia kupoteza kazi.

Sasa tumgeukie mwanasiasa. Householder aliwahi kuwa Spika kati ya 2001 na 2004, akaondoka madarakani huku FBI wakimchunguza. Uchunguzi ule ulifungwa bila mashtaka. Mwaka 2016 aligombea tena ubunge wa jimbo akashinda, na nia yake ilijulikana mapema: alitaka kurudi kwenye kiti cha Spika. Kiti hicho hakipatikani kwa wananchi moja kwa moja, kwani wabunge wenyewe ndio humchagua Spika. Kwa hiyo anayekitaka hutafuta wabunge watakaowiwa naye. Atawatafutia wagombea majimbo, atawalipia matangazo, atawasaidia kuwabwaga wapinzani wao kwenye kura za maoni za chama, kisha siku ya kiapo atadai kura zao. Kazi hiyo yataka fedha nyingi, na mkono mtupu haulambwi.

Januari 2017 Householder alisafiri kwa ndege ya FirstEnergy kwenda Washington wakati wa kuapishwa kwa Donald Trump. Huko alikula chakula cha jioni na wakuu wa kampuni, akiwemo mtendaji mkuu Chuck Jones. Mwezi uliofuata likasajiliwa shirika lisilo la faida liitwalo Generation Now. Machi FirstEnergy ikaanza kuliingizia dola 250,000 kila robo mwaka, ikafika dola milioni 1 kabla mwaka haujakwisha.

Mashirika ya aina hii huundwa chini ya kifungu cha 501(c)(4) cha sheria ya kodi ya Marekani. Yalikusudiwa kwa kazi za ustawi wa jamii: klabu za kujitolea, vyama vya wakazi, wanaharakati wa jambo fulani. Yanaruhusiwa kujihusisha na siasa mradi siasa isiwe kazi yao kuu, na hayalazimiki kuwaambia wananchi nani anayachangia. Baada ya Mahakama Kuu ya Marekani kuamua mwaka 2010, katika kesi ya Citizens United, kwamba makampuni yana haki ya kutumia fedha zao bila kikomo kwenye matangazo ya uchaguzi yasiyofanywa kwa kushirikiana na mgombea, mashirika haya yakawa mlango mkubwa. Mtu aliyetoa dola 100 kwa mgombea wa udiwani jina lake linaandikwa kwenye orodha ya hadhara. Kampuni iliyotoa dola milioni 10 kwa shirika lenye jina zuri haionekani popote.

Generation Now ilisimamiwa na Longstreth, lakini wote waliokuwa karibu nayo walijua ni ya Householder. Fedha zake zilisaidia kulipia kampeni za 2018 za kundi la wagombea waliokuja kuitwa timu ya Householder. Mpiga kura aliona tangazo kwenye televisheni au karatasi ya rangi kwenye sanduku la barua, limetoka kwa shirika ambalo jina lake halimwambii chochote. Hakukuwa na namna yoyote ya yeye kujua kwamba anayelipia karatasi ile ni kampuni inayomuuzia umeme, na kwamba kampuni hiyo inajenga bunge litakalokuja kumtoza yeye.

Mahakamani, Cespedes, aliyekuwa akiishawishi serikali kwa niaba ya FirstEnergy Solutions, alieleza mkutano wa Oktoba 2018 ambapo hundi ya dola 400,000 kwa ajili ya Generation Now ilisukumwa juu ya meza kumwelekea Householder, mazungumzo ya mitambo ya nyuklia yakiwa hapohapo. Kwa watu waliozoea kudhani hongo ni bahasha ya noti inayopokelewa gizani, picha hii inafundisha kitu. Ilikuwa hundi yenye jina la kampuni, imeandikwa kwa shirika lililosajiliwa, na ikaingia benki kama hundi nyingine yoyote.

Januari 7, 2019, Householder alichaguliwa Spika kwa kura 52 dhidi ya 46 za Ryan Smith, Mrepublican mwenzake aliyekuwa akikishikilia kiti. Kati ya hizo 52, nusu zilikuwa za Wademokrat. Wao walimwona kuwa mtu wa kuongea naye, hasa kuhusu vyama vya wafanyakazi, na wengi wao hawakujua lolote kuhusu fedha. Miezi mitatu baadaye, Aprili 12, HB6 ikawasilishwa bungeni.

Muswada uliitwa mpango wa hewa safi, na yaliyomo ndani yake yanastahili kuangaliwa moja moja. Kila mteja wa nyumbani angelipa senti 85 kwa mwezi, na viwanda vikubwa hadi dola 2,400, ili kupata dola milioni 150 kila mwaka za kuisaidia mitambo miwili ya nyuklia, na milioni 20 nyingine kwa miradi michache ya umeme wa jua. Pamoja na hayo, wateja wangelipa hadi dola 1.50 kwa mwezi kufidia hasara za mitambo miwili ya makaa ya mawe iliyojengwa miaka ya 1950: Kyger Creek ya Ohio na Clifty Creek, ambayo haipo hata Ohio, ipo Indiana. Muswada huo wa hewa safi ulipunguza pia kiwango cha umeme wa jua na upepo ambacho kampuni zilitakiwa kufikia, kutoka asilimia 12.5 hadi 8.5, na ukaua kabisa masharti ya kuwasaidia wateja kupunguza matumizi. Zaidi ya hapo, kifungu kimoja cha kiufundi kiliihakikishia FirstEnergy mapato yasiyoshuka chini ya yale ya mwaka 2018, ambao ulikuwa mwaka mzuri kwake. Jones aliwaambia wawekezaji kwamba kifungu hicho kinaikinga takriban theluthi moja ya kampuni dhidi ya mdororo wa uchumi. Jumla ya ruzuku ilikadiriwa kuwa dola bilioni 1.3.

Muswada ulisukumwa kwa nguvu. Dave Greenspan, mbunge wa Republican kutoka eneo la Cleveland, alitoa ushahidi kwamba Householder alimbana kwa ujumbe wa simu apige kura ya ndiyo. Hakukubali, akazungumza na FBI. Julai 23, 2019, Baraza la Wawakilishi liliupitisha kwa mara ya mwisho kwa kura 51 dhidi ya 38, na gavana Mike DeWine akautia saini siku hiyohiyo.

Sehemu inayofuata ndiyo inayoniuma kuliko zote.

Katiba ya Ohio inawapa wananchi haki ya kuikataa sheria iliyopitishwa na bunge. Wakikusanya saini za kutosha ndani ya siku 90, sheria inasimamishwa hadi ipigiwe kura na watu wote. Kwa HB6 zilitakiwa saini 265,774. Kundi la wapinzani lilijitokeza mara moja, likiwa na fedha za wazalishaji wa gesi waliokuwa na maslahi yao (haki hii nayo haikosi wafadhili wake). Agosti 12 Mwanasheria Mkuu wa jimbo, Dave Yost, alikataa maelezo ya ombi lao kwamba hayakuwa sahihi. Walipoyarekebisha na kukubaliwa Agosti 29, zaidi ya theluthi moja ya siku zao ilikuwa imekwisha.

Wakabakiwa na wiki saba na ushee. Hapo ndipo fedha za FirstEnergy zilipofunguliwa kama bomba: zaidi ya nusu ya fedha zote za njama hii zilitumika kuwazuia wananchi wasipige kura. Matangazo ya televisheni yaliwaambia watu wa Ohio kwamba serikali ya China inakuja kuchukua gridi yao ya umeme, na kwamba akiweka saini mtu anampa China taarifa zake binafsi. Msingi wa madai hayo ulikuwa kwamba benki ya China imekopesha baadhi ya miradi ya gesi. Waliajiriwa watu wa kusimama karibu na wakusanya saini na kuwasumbua waliotaka kusaini. Wakusanya saini waliahidiwa fedha na tiketi za ndege ili waache kazi warudi makwao. Na Borges, mwenyekiti wa zamani wa chama, alimpa mtu aliyekuwa ndani ya kampeni ya saini hundi ya dola 15,000 ili ampe habari za maendeleo yao. Mtu yule alikwenda FBI, akakubali kuvaa kinasa sauti.

Siku ya mwisho ilipofika, Oktoba 2019, saini zilikuwa zaidi ya 221,000. Hazikutosha. Sheria ikaanza kazi.

Kununua wabunge ni jambo moja. Kampuni inapotumia fedha inazopata kwa wateja wake kuwazuia wateja haohao wasiulizwe kama wanataka kuongezewa bili, hilo ni jambo jingine, na mimi naliona zito zaidi. Bunge likikosea, kura ya wananchi ndiyo kinga iliyobaki. Ndiyo maana iliwekwa kwenye katiba. Hapa kinga hiyo ilivunjwa kwa fedha zilizopita mlango uleule ambao hakuna aliyeruhusiwa kuchungulia ndani yake. Wakati wa ukusanyaji wa saini, waandishi wa habari wa Ohio waliuliza mara nyingi nani analipia matangazo ya China. Hawakujibiwa.

Tuje kwenye kesi. Ilianza Januari 2023 huko Cincinnati mbele ya Jaji Timothy Black. Kufikia hapo Longstreth na Cespedes walikuwa wamekiri kosa. Generation Now yenyewe, kama shirika, ilikuwa imekiri. Clark alikuwa amefariki Machi 2021. Walibaki kizimbani Householder na Borges, wakishtakiwa kwa kula njama ya kuendesha genge la uhalifu, sheria iliyotungwa mwaka 1970 ikilenga hasa magenge ya mafia.

Utetezi wa Householder ulikuwa rahisi, na msomaji asiudharau: hii ni siasa. Aliamini nyuklia ni nzuri kwa Ohio, kampuni iliyoamini hivyo ikamchangia, basi. Sheria ya Marekani inampa mtu wa aina yake hifadhi kubwa. Tangu uamuzi wa Mahakama Kuu katika kesi ya McCormick mwaka 1991, mchango wa kampeni hauhesabiwi kuwa hongo mpaka ithibitike kwamba ulitolewa kwa ahadi ya wazi ya kutenda jambo fulani la kiofisi. Na mwaka 2016, katika kesi ya Bob McDonnell, gavana wa zamani wa Virginia aliyepokea zawadi na mikopo ya zaidi ya dola 175,000, Mahakama Kuu ilibana zaidi ikisema kumpangia mfadhili mikutano na kumkutanisha na wakubwa peke yake si kitendo cha kiofisi. Kwa hiyo waendesha mashtaka hawakutakiwa kuonyesha tu kwamba FirstEnergy ilitoa na Householder akatenda. Walitakiwa kuonyesha mapatano.

Waliyaonyesha kwa sauti za watu wenyewe. Clark alirekodiwa na maofisa wa FBI waliojifanya wawekezaji wa hoteli, naye akawaeleza bila kificho jinsi shirika la Spika linavyofanya kazi. Kulikuwa na kumbukumbu za benki, kalenda za mikutano, ujumbe wa simu kati ya wakuu wa kampuni. Na kulikuwa na fedha zilizotoka kwenye siasa zikaingia nyumbani: zaidi ya dola nusu milioni zilimfaidi Householder binafsi, zikalipa madeni ya kadi, matengenezo ya nyumba yake huko Naples, Florida, na gharama za kesi ya biashara. Naamini sehemu hii ndiyo iliyommaliza. Jopo la raia 12, ambao ndio huamua hatia katika mahakama za Marekani, linaweza kubishana siku nzima juu ya tofauti ya mchango na hongo, lakini matengenezo ya nyumba ya Florida hayana ubishi.

Householder alipanda kizimbani kujitetea mwenyewe. Wakati wa kuhojiwa na upande wa mashtaka, majibu yake kuhusu safari ile ya Washington na wale aliokutana nao yalipambanishwa na kumbukumbu zilizosema vingine. Machi 9, 2023, jopo liliwatia hatiani wote wawili. Juni mwaka huo Jaji Black alimhukumu Householder miaka 20, kiwango cha juu kabisa kwa kosa lile, akaamuru achukuliwe palepale. Borges alipata miaka mitano.

Na kampuni? Julai 2021 FirstEnergy ilifanya makubaliano na serikali kuu: mashtaka yaahirishwe kwa miaka mitatu, nayo ilipe dola milioni 230, nusu yake zikienda kusaidia bili za umeme za familia maskini za Ohio. Katika makubaliano hayo ilikiri kwa maandishi kwamba mashirika ya 501(c)(4) yalikuwa kiini cha juhudi zake za kuishawishi serikali ya jimbo, na kwamba iliyatumia kuficha malipo yaliyowafaidi viongozi wa umma ili nao watende mambo ya kiofisi. Sentensi hiyo nimeirudia mara nyingi. Kampuni kubwa ya umeme inaeleza kwa karatasi rasmi chombo ilichotumia ni kipi na kilitumika kufichia nini.

Ilikiri pia jambo jingine. Kabla tu gavana DeWine hajamteua Sam Randazzo kuongoza tume ya huduma za umma, ile inayopanga bei za umeme, kampuni ilikuwa imemlipa Randazzo dola milioni 4.3. Msimamizi wa bei aliingia ofisini akiwa ametoka kulipwa na yule anayemsimamia. FBI walipekua nyumba yake Novemba 2020, akajiuzulu siku chache baadaye. Alishtakiwa Desemba 2023, akakana mashtaka, na Aprili 2024 akafariki kabla kesi haijasikilizwa. Jones na makamu wake Michael Dowling, waliofukuzwa kazi Oktoba 2020, walishtakiwa na jimbo mwaka 2024 na kisha na serikali kuu Januari 2025, nao wamekana. DeWine hajashtakiwa kwa lolote.

Nani basi aliyewajibisha nani? Wabunge walimvua Householder uspika siku tisa baada ya kukamatwa, lakini Novemba 2020 alichaguliwa tena kuwa mbunge akiwa tayari ana mashtaka, kwa sababu kwenye karatasi ya kura hapakuwa na jina jingine. Walimfukuza bungeni Juni 2021 kwa kura 75 dhidi ya 21. Mara ya mwisho baraza hilo kumfukuza mjumbe ilikuwa 1857. Karibu mwaka mzima ulipita, naye akipokea mshahara wa umma. Mpango wa ruzuku ya nyuklia ulizuiwa na mahakama Desemba 2020, siku chache kabla tozo haijaanza, na bunge likaufuta Machi 2021. Davis-Besse na Perry, ambayo tuliambiwa yatafungwa pasipo ruzuku hiyo, yanazalisha umeme hadi sasa.

Lakini ile tozo ya makaa ya mawe haikufutwa. Wafaidika wake wakuu walikuwa kampuni nyingine zenye hisa kwenye mitambo ile, kampuni ya umeme ya AEP ikiwa kubwa kati yao, na kampuni hizo hazikuwa kwenye hati ya mashtaka. Kwa hiyo kifungu kile kilibaki kikitoza kwenye bili, mwezi baada ya mwezi, mamia ya milioni ya dola. Kiliwatoza wakulima wa kaunti ya Perry, kikawatoza wakimbizi wa Kikongo na Wasomali wa Columbus, ambao wengi wanazungumza Kiswahili kama sisi na pengine hawajawahi kulisikia jina la Householder. Kila mwaka wabunge wa pande zote mbili waliwasilisha miswada ya kukifuta, na kila mara ilikwama kwenye kamati. Kilifutwa Mei 2025, kwa muswada mwingine kabisa wa umeme, HB15, mwezi uleule ambao mahakama ya rufaa ya serikali kuu ilikataa rufaa ya Householder. Miaka karibu sita ilikuwa imepita tangu DeWine atie saini.

Wapo wanaosema kisa hiki kinathibitisha kwamba mfumo unafanya kazi: mkubwa alikamatwa, akahukumiwa, kampuni ikalipa. Sikubaliani nao, ingawa nawaheshimu wapelelezi na yule aliyekataa kununuliwa kwa dola 15,000. Mfumo uliofanya kazi ni wa polisi na magereza. Mfumo wa siasa, yaani bunge, tume ya bei, sheria za uchaguzi na haki ya kura ya wananchi, ulishindwa hatua kwa hatua, na ulishindwa kwa sababu moja: hakuna aliyeweza kuona fedha zinatoka kwa nani wakati bado kulikuwa na muda wa kuamua. Lau orodha ya wachangiaji wa Generation Now ingekuwa wazi mwaka 2018, wagombea wenyewe wangeulizwa maswali. Lau ingekuwa wazi Septemba 2019, mtu aliyesimama nje ya duka kubwa na kalamu mkononi angejua kwamba tangazo la China limelipiwa na kampuni yake ya umeme, na nadhani saini 44,000 zilizopungua zingepatikana.

Miswada ya kulazimisha mashirika ya aina hiyo yataje wafadhili wake imewasilishwa kwenye bunge la Ohio tangu Householder akamatwe, mingine na Warepublican, mingine na Wademokrat. Hakuna hata mmoja uliopita. Wabunge wanaotakiwa kuipitisha ni walewale ambao kampeni zao zinasaidiwa na mashirika hayo.